Kukiri Kumwibia Mwajiri: Yanayofuata Kazini, Polisi na Mahakamani

Mtunza stoo wa hoteli moja ya kitalii wilayani Serengeti anaitwa ofisini jioni, baada ya saa za kazi. Hesabu ya mafuta ya dizeli haikulingana na kumbukumbu za mwezi. Mezani kuna karatasi nyeupe na kalamu. Anaambiwa aandike alichofanya, aombe msamaha, na mambo yataishia hapo hapo. Anaandika mistari minne, anatia saini na kurudi chumbani akiamini kuwa jambo limekwisha. Siku tatu baadaye anapokea barua ya kuachishwa kazi, mshahara wake wa mwezi umezuiwa, na askari wanamtafuta kwa mahojiano.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini unaonesha hali inayoweza kumkuta mfanyakazi yeyote katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako ajira za mshahara zimeenea katika sekta nyingi. Wilayani Tarime, wapo wanaofanya kazi katika mgodi wa dhahabu wa North Mara na kwa wakandarasi wanaouhudumia, katika machimbo madogo, na katika maduka na maghala ya mjini Tarime na mpakani Sirari. Wilayani Serengeti, wapo walioajiriwa katika hoteli na kambi za watalii zinazozunguka Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na katika maduka, vituo vya mafuta na nyumba za wageni mjini Mugumu. Katika wilaya zote mbili, familia nyingi huajiri wachungaji wa mifugo na wafanyakazi wa nyumbani.

Wengi wa wafanyakazi hao hushika mali isiyo yao kila siku: fedha, mafuta, vyakula, vipuri, mifugo. Mali hiyo inapopungua, swali la kwanza huwa ni nani amechukua. Swali la pili, ambalo mara nyingi husahaulika, ni nini hutokea kisheria pale mtu anaposema, "Ni mimi."

Karatasi moja, njia tatu

Kukiri kumwibia mwajiri hufungua njia tatu zinazoweza kwenda sambamba. Ya kwanza ni ya kinidhamu, ambapo mwajiri huamua kama mfanyakazi abaki kazini au aondoke. Ya pili ni ya jinai, ambapo polisi huchunguza, waendesha mashtaka hufungua kesi na mahakama hutoa hukumu. Ya tatu ni ya madai, yaani kurejesha au kulipa thamani ya kilichopotea.

Kila njia ina sheria yake na kiwango chake cha ushahidi. Katika suala la ajira, mwajiri anatakiwa kuthibitisha sababu yake kwa kiwango cha uwezekano mkubwa zaidi, yaani kuonesha kwamba inaelekea zaidi kosa lilitendeka kuliko kutotendeka. Katika kesi ya jinai, upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka ya msingi. Kwa sababu hiyo, mtu anaweza kuachishwa kazi kihalali kwa jambo ambalo mahakama ya jinai ingeliona halijathibitishwa kwa kiwango chake. Aidha, kulipa kilichopotea hakufuti kosa la jinai, na msamaha wa meneja hauifungi mikono Jamhuri.

Hivyo basi, ahadi ya kwamba mtu akiri tu na mambo yataisha si ahadi ambayo mwajiri ana uwezo wa kuitimiza kikamilifu. Anaweza kuamua kutompeleka mfanyakazi polisi, lakini hana mamlaka ya kufuta kosa.

Upotevu si lazima uwe wizi

Kabla ya mtu kuandika chochote, ni muhimu afahamu anakiri nini. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 258, inaeleza wizi kuwa ni kuchukua mali inayoweza kuibiwa kwa nia ovu na bila kuwa na dai la haki juu yake, au kuigeuza mali hiyo kwa matumizi yasiyo ya mwenyewe. Nia ndiyo kiini cha kosa. Mtunza stoo aliyetoa mafuta bila kuandika, au karani aliyekosea kurudisha chenji, anaweza kuwa amefanya uzembe unaostahili adhabu ya kinidhamu, lakini si lazima awe mwizi.

Kinyume chake, wapo wanaodhani kwamba kuchukua fedha za mauzo kwa nia ya kuzirudisha mwisho wa mwezi si wizi, bali ni mkopo. Sheria haikubaliani nao. Kifungu hicho cha 258 kinasema kuwa kwa upande wa fedha, nia ya kuzitumia kama apendavyo aliyezichukua inatosha kuwa nia ovu, hata kama alikusudia kuzirejesha baadaye. Mfanyakazi anayeandika kwamba alichukua laki mbili kutoka katika mauzo na alitarajia kuzirudisha akipata mshahara, anaweza kuwa amekiri wizi bila mwenyewe kufahamu.

Tofauti hiyo inaonesha uzito wa maneno. Mtu anayesema kwamba mali ilipungua mikononi mwake na hajui ilikokwenda, amekiri upotevu. Anayesema kwamba aliichukua na kuiuza, amekiri wizi. Mfanyakazi anapotakiwa kujieleza, aandike kile anachokijua kuwa ni kweli, bila kupunguza na bila kuongeza maneno ya kumridhisha anayemhoji. Wapo wanaobeba kosa la mwenzao au la bosi wao kwa kuahidiwa kulindwa. Karatasi ikishasainiwa, huwa ni yao peke yao.

Kazini: kukiri hakuondoi utaratibu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya Mwaka 2004, katika kifungu cha 37, inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na mambo mawili kwa pamoja: sababu halali na ya haki, na utaratibu wa haki. Mzigo wa kuthibitisha hayo uko kwa mwajiri. Ulinzi huo hauwahusu wafanyakazi wenye chini ya miezi 6 kazini kwa mwajiri huyo.

Kuhusu sababu, Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la Mwaka 2007 zinautaja ukosefu mkubwa wa uaminifu miongoni mwa makosa yanayoweza kuhalalisha kuachishwa kazi. Wizi wa mali ya mwajiri huangukia hapo. Hata hivyo, kanuni hizo zinaeleza kuwa kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi isipokuwa liwe zito kiasi cha kufanya uhusiano wa kazi usivumilike tena. Mwajiri anatakiwa pia kuzingatia mazingira ya kosa, aina ya kazi, muda ambao mfanyakazi ametumikia, kumbukumbu zake za nidhamu na hali yake binafsi.

Kuhusu utaratibu, Kanuni ya 13 inaweka hatua za msingi. Mwajiri afanye uchunguzi kwanza. Mfanyakazi aelezwe tuhuma kwa namna na kwa lugha anayoielewa. Apewe muda wa kutosha wa kujiandaa, ambao kwa kawaida haupaswi kuwa chini ya saa 48. Aruhusiwe kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Kikao kiongozwe na mtu wa ngazi ya juu katika menejimenti ambaye hakuhusika na tukio. Mfanyakazi apewe nafasi ya kujibu na kuwahoji mashahidi, na akikutwa na kosa, apewe nafasi ya kueleza sababu za kupunguziwa adhabu kabla uamuzi haujatolewa pamoja na sababu zake.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kama hatua hizo zinahitajika pale mfanyakazi anapokiri. Ukweli ni kwamba kukiri kwa hiari hupunguza sana nguvu ya malalamiko ya baadaye. Mtu aliyeandika mwenyewe kwamba ameiba ni vigumu kusikilizwa akidai kuwa mwajiri hakuwa na sababu, au kwamba mashahidi hawakuitwa kuthibitisha jambo ambalo yeye hakulipinga. Pamoja na hayo, kukiri hakumpi mwajiri ruhusa ya kufanya apendavyo. Bado kuna swali la kama kukiri huko kulikuwa kwa hiari, kama kulihusu kosa lenyewe au upotevu tu, na kama kuachishwa kazi ndiyo adhabu inayolingana na kosa. Kwa mwajiri mwenye busara, kukiri hufupisha kikao cha nidhamu lakini hakukifuti.

Sheria hiyo ya mwaka 2004 iliweka kanuni nyingine muhimu katika kifungu cha 37(5): mfanyakazi aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai ambalo kimsingi ni lile lile analotuhumiwa kazini, asipewe adhabu ya kinidhamu wala kuachishwa kazi mpaka kesi na rufaa yake zifikie tamati. Kushtakiwa kunakozungumziwa ni kwa mahakamani, si taarifa iliyopelekwa polisi pekee. Kwa kuwa sheria za kazi hurekebishwa mara kwa mara, mwajiri na mfanyakazi wanashauriwa kuhakiki maandishi yanayotumika sasa kabla ya kuchukua hatua.

Lipo pia suala la barua ya kuacha kazi. Baadhi ya wafanyakazi hutakiwa kuandika barua mbili kwa pamoja, moja ya kukiri na nyingine ya kuacha kazi kwa hiari. Ikithibitika kwamba mfanyakazi alilazimishwa, barua ya pili haihesabiwi kuwa hiari, na anaweza kudai kuwa mwajiri ndiye aliyemwachisha.

Kwa watumishi wa umma, wakiwamo wauguzi na watumishi wa halmashauri, nidhamu huendeshwa chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya Mwaka 2002 na kanuni zake. Mtumishi asiyeridhika hukata rufaa kwa mamlaka zilizowekwa na sheria hiyo, ikiwamo Tume ya Utumishi wa Umma, na anatakiwa kuzimaliza ngazi hizo kabla ya kwenda kwenye vyombo vya migogoro ya kazi.

Mshahara hauzuiwi kwa hasira

Jambo linaloleta uchungu wa haraka katika familia ni mshahara. Mwajiri anapoibiwa huona ni haki kuzuia malipo yote mpaka hasara ifidiwe. Sheria inasema vingine.

Kifungu cha 28 cha sheria ya mwaka 2004 kinaruhusu makato ya kufidia hasara kwa masharti. Mfanyakazi awe amekubali makato hayo kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Mwajiri awe ameeleza kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na jinsi kilivyokokotolewa. Mfanyakazi awe amepewa nafasi ya kupinga kiasi hicho. Deni lisizidi hasara halisi, na jumla ya makato isizidi robo ya ujira wake wa fedha. Kwa mfano, mwenye mshahara wa shilingi 400,000 hakatwi zaidi ya shilingi 100,000 kwa mwezi chini ya utaratibu huo. Mwajiri anayedai zaidi au asiyekubaliwa ana njia ya kufungua madai.

Mfanyakazi aliyeachishwa kwa haki kutokana na utovu wa nidhamu hupoteza malipo ya kiinua mgongo yanayotajwa katika kifungu cha 42, ambayo kwa wengine hukokotolewa kwa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, kwa kikomo cha miaka 10. Lakini hapotezi kila kitu. Kifungu cha 44 kinamtaka mwajiri alipe ujira wa siku alizofanya kazi na malipo ya likizo anayostahili, na ampe cheti cha utumishi. Kama aliajiriwa kutoka mahali pengine, kwa mfano mpishi aliyetolewa Arusha kuja kufanya kazi Serengeti, suala la nauli ya kurudi alikotoka na mizigo yake nalo lina masharti yake katika kifungu cha 43. Michango ya hifadhi ya jamii iliyokwisha kupelekwa katika mfuko hubaki kuwa ya mwanachama.

Polisi: kukiri kuwe kwa hiari

Mwajiri akitoa taarifa polisi, jambo hutoka mikononi mwa kampuni na kuwa la Jamhuri. Wizi unaofanywa na mfanyakazi dhidi ya mwajiri wake unatajwa peke yake katika kifungu cha 271 cha Kanuni ya Adhabu. Wizi wa kawaida, kwa kifungu cha 265, unaweza kuadhibiwa kwa kifungo cha hadi miaka 7. Sheria imeutenga wizi wa mfanyakazi kwa sababu ndani yake kuna usaliti wa dhamana. Wizi wa mifugo nao una kifungu chake, jambo ambalo wachungaji wa kuajiriwa wanapaswa kulifahamu.

Maelezo ambayo mtuhumiwa huyatoa polisi baada ya kuonywa huitwa maelezo ya onyo. Kabla ya kuyatoa, anatakiwa kujulishwa kosa analotuhumiwa na kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakayoyasema yanaweza kutumika kama ushahidi. Ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa mahojiano ni saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi, na kuuongeza kuna utaratibu wake. Mtuhumiwa anayetaka kukiri anaweza pia kupelekwa kwa mlinzi wa amani, ambaye kwa kawaida ni hakimu, ili maelezo yake yaandikwe huko.

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inataka kukiri kuwe kwa hiari, na ni wajibu wa upande wa mashtaka kuthibitisha hiari hiyo. Kukiri kulikopatikana kwa vitisho, ahadi au shinikizo kutoka kwa askari au mtu mwingine mwenye mamlaka kunaweza kukataliwa na mahakama. Mshtakiwa akiyakana maelezo yake mahakamani, hakimu huyapima kwa tahadhari na kwa kawaida hutafuta ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono.

Hapa ndipo karatasi ya ofisini inaporejea. Maneno ambayo mtu amewaambia raia wa kawaida, akiwamo meneja au mlinzi, nayo yanaweza kuletwa mahakamani. Ikiwa yaliandikwa mchana, mbele ya mwenzake, baada ya kupewa muda, yatakuwa na uzito. Ikiwa yaliandikwa usiku katika chumba kilichofungwa, huku mlinzi amesimama mlangoni, uzito wake utahojiwa. Kumfungia mtu chumbani bila mamlaka ya kisheria ni kosa la jinai, na kumpiga ili akiri ni kosa jingine. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika ibara ya 13(6), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla ya kuthibitishwa, na inakataza mateso na adhabu za kumdhalilisha mtu. Mwajiri anayetumia nguvu anaweza kujikuta mshtakiwa, wakati ushahidi aliouhitaji umeharibika.

Mahakamani: "Ni kweli" yenye uzito

Kukiri mbele ya hakimu ni jambo tofauti na kukiri kwa meneja au kwa askari. Shtaka husomwa na kuelezwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Akikiri, maneno yake huandikwa kadiri iwezekanavyo kama alivyoyatamka. Mwendesha mashtaka husoma maelezo ya kesi, na mshtakiwa huulizwa kama anayakubali. Akiyakubali yote, hutiwa hatiani bila mashahidi kuitwa.

Uzito wake ni huu: aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe, kwa kawaida hawezi kukata rufaa kupinga hatia hiyo. Anaweza kupinga ukubwa au uhalali wa adhabu tu, isipokuwa aoneshe kwamba kukiri kwake kulikuwa na utata, kulitokana na kutoelewa, au kwamba maelezo aliyoyakubali hayaundi kosa lililotajwa. Mshtakiwa anayesema, "Ni kweli nilichukua, lakini meneja aliniruhusu," hajakiri wizi. Hakimu anapaswa kuandika kuwa amekana. Asiyeelewa Kiswahili cha mahakama vizuri, kama mzee aliyezoea Kikurya au Kingoreme pekee, ana haki ya kuomba mkalimani kabla ya kujibu.

Kukiri mapema na kwa dhati kuna faida. Ni kigezo kinachozingatiwa katika kupunguza adhabu, hasa kwa mkosaji wa mara ya kwanza aliyerejesha mali. Mahakama inaweza, kwa kutegemea mazingira, kumwachia mkosaji kwa masharti. Pale inapoona kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3, inaweza kutoa adhabu ya huduma kwa jamii chini ya sheria ya mwaka 2002. Inaweza pia kuamuru aliyeibiwa alipwe fidia. Tangu marekebisho ya mwaka 2019, upo vilevile utaratibu wa majadiliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, ambao makubaliano yake husajiliwa mahakamani.

Ritongo, wazee na kumalizana

Katika jamii ya Wakurya, ritongo, yaani baraza la jamii, limekuwa mahali pa kusikiliza tuhuma za wizi na kurejesha amani kati ya familia. Mwajiri mdogo mwenye ng'ombe au duka mara nyingi hupendelea kwenda kwa wazee kuliko polisi, na familia ya mtuhumiwa huona ni heri ilipe kuliko kijana wao afungwe.

Suluhu ya namna hiyo ina thamani katika kurejesha mali na kuzuia visasi. Hata hivyo, ina mipaka. Baraza la jamii haliwezi kufuta kosa la jinai, kutoa adhabu ya viboko wala kumfukuza mtu kijijini. Kupokea malipo kwa makubaliano ya kuficha kosa kubwa la jinai ni kosa lenyewe. Kadhalika, kudai fedha kwa kumtisha mtu kuwa atafungwa asipolipa kunaweza kugeuka kosa kwa anayedai. Yale ambayo mtu ameyakiri mbele ya wazee yamesikiwa na watu, na watu hao wanaweza kuitwa kuwa mashahidi.

Siku 30 zinazopotea kimya

Wengi walioachishwa kazi baada ya kukiri hukaa kimya kwa aibu. Wanadhani aliyekiri hana tena pa kulalamikia. Huko ndiko haki inakopotea, kwa sababu muda haumsubiri mtu.

Mgogoro kuhusu kuachishwa kazi unatakiwa kuwasilishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa au ya uamuzi wa mwisho wa mwajiri. Migogoro mingine, kama ya malipo, ina siku 60. Aliyechelewa huomba kuongezewa muda na kueleza sababu za msingi. Tume huanza na usuluhishi, ambao maongezi yake ni ya siri, na usuluhishi ukishindikana hufuata uamuzi. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iupitie.

Mkazi wa Nyamongo au Mugumu anayefika kwenye ofisi za Tume mkoani Mara ahakikishe amebeba mkataba wa kazi au kitambulisho cha kazi, hati za mshahara, barua ya tuhuma, nakala ya maelezo aliyoandika, na barua ya kuachishwa. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kutafuta watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Mwaka 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri ni mahali pazuri pa kuanzia kuwaulizia.

Mambo ya kuzingatia

Mfanyakazi anayeitwa kujieleza aombe tuhuma kwa maandishi na muda wa kuzijibu. Aombe kuwa na mwenzake au kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Asisaini karatasi asiyoisoma au asiyoielewa, na abaki na nakala ya alichosaini. Kama amechukua mali, asijenge uongo juu ya kosa. Aseme alichofanya, aeleze mazingira yake na apendekeze namna ya kurejesha kwa maandishi, akifahamu kwamba kurejesha si kinga dhidi ya mashtaka. Kama hakuchukua, asikubali ili tu aruhusiwe kwenda nyumbani.

Mwajiri anayegundua upungufu ahesabu mali kwanza mbele ya mashahidi na kuhifadhi kumbukumbu kabla ya kumwita mtu. Asitoe ahadi ya msamaha asioweza kuutimiza wala vitisho. Akipata maelezo ya kukiri, aandike tarehe, saa, mahali na waliokuwepo, kisha aendelee na kikao cha nidhamu. Alipe stahiki zisizo na mgogoro na kufuata masharti ya makato. Mfanyakazi wa nyumbani na mchungaji wana haki hizi sawa na karani wa ofisini, hata kama mkataba wao ulifanywa kwa mdomo.

Kwa mtunza stoo wa mfano ule, mambo yangeweza kwenda vingine. Angepewa barua ya tuhuma na siku mbili za kutafakari, angekaa na mwenzake, na angeandika maelezo akijua yanakoelekea. Huenda bado angepoteza kazi, na huenda bado angefika mahakamani. Lakini angelipwa siku zake alizofanya kazi, mwajiri angekuwa na ushahidi unaosimama, na hakimu angekuwa na maelezo ya kweli ya kuyapima.

Mwananchi ambaye tayari ameshasaini ahesabu siku zake kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya kuachishwa kazi, na afike CMA kabla siku ya 30 haijapita.